Mtoto Kiziwi Hakupoteza Muhula, Alipoteza Lugha

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hunukuliwa sana katika hotuba za siku ya wazazi, kisha husahaulika mara tu viti vinapokunjwa. Leo ningependa walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kuingia katika kazi hii, tuitumie kupimia jambo moja mahsusi: je, tumemtendea nini mtoto mwenye mahitaji maalumu ambaye masomo yake yalikatizwa?

Nina mpwa wangu ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mwaka wa 2020 alikuwa na umri wa miaka 7, akisoma Gredi ya 2 katika shule ya bweni ya viziwi. Shule zote nchini zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, alirudi kijijini kwa dada yangu. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 waliitwa warudi Oktoba 12. Waliosalia, mpwa wangu akiwa miongoni mwao, walingoja hadi Januari 4, 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa.

Alipoondoka shuleni aliweza kusimulia kwa ishara jinsi mbuzi alivyoingia jikoni na nani aliyemfukuza. Aliporudi alikuwa akionyesha kwa kidole kitu akitakacho, na asipoeleweka alilia. Muhula haukwisha kabla dada yangu hajaitwa. "Mama," aliambiwa, "mtoto huyu ni mzito wa kuelewa. Afadhali ahamishiwe kwa wenzake wenye ulemavu wa akili." Dada alipoomba mtoto apimwe upya, alijibiwa kwamba alikwisha kupimwa mwaka wa 2018 na faili yake ipo. Siitaji shule hiyo wala ofisi iliyotoa jibu hilo, maana sidhani kwamba zilitenda kwa nia mbaya. Zilitenda kwa mazoea, na mazoea hayo ndiyo ninayotaka kuyapinga.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba watoto wote walipoteza kitu kimoja. Mtoto anayesikia, hata akikaa nyumbani mwaka mzima, haachi kujifunza lugha. Huisikia jikoni na sokoni, hugombana na nduguze kwayo, na bibi humtegea vitendawili jioni. Huenda akasahau jedwali la kuzidisha, lakini lugha, ambayo ndiyo chombo chenyewe cha kujifunzia, inaendelea kukua. Sivyo kwa mtoto kiziwi aliye katika nyumba isiyojua lugha ya ishara. Huyo huketi mezani pamoja na watu sita na asishiriki hata neno moja la mazungumzo yao. Na nyumba za namna hiyo ndizo nyingi. Utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa zaidi ya watoto viziwi 9 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Masomo ya redioni yaliyowafaa wengine wakati ule hayakumfaa yeye kwa lolote, na runinga isiyo na mkalimani wa ishara ni midomo inayochezacheza tu.

Sisi wanaisimu tuna sababu ya kulitilia mkazo jambo hili. Mwaka wa 1960 William Stokoe alionyesha kuwa lugha ya ishara ya viziwi wa Marekani ina muundo kamili kama lugha nyingine yoyote. Mwaka wa 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja kwamba uwezo wa mtoto wa kupata lugha ya kwanza una msimu wake, na msimu huo ukipita kazi huwa ngumu mno. Lenneberg amepingwa katika mengi, lakini ushahidi kutoka Nicaragua umeitia nguvu hoja yake ya msingi. Kabla shule za viziwi hazijafunguliwa mjini Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, viziwi wa huko waliishi kila mmoja kwao, wakitumia ishara chache za nyumbani. Walipokutanishwa, watoto wenyewe waliunda lugha mpya. Waliojiunga wakiwa wadogo ndio walioikuzia sarufi. Waliojiunga wakiwa wakubwa hawakuufikia ufasaha wa wadogo zao.

Funzo lake ni wazi. Kwa mtoto kiziwi, shule ndiyo kijiji ambamo lugha yake inasemwa. Kuifunga ni kumhamisha kutoka katika jamii ya wazungumzaji wenzake. Kwa hiyo akirudi akiwa amepooza lugha, tusikimbilie kusema akili yake ina kasoro. Kumpima akili kwa lugha aliyonyang'anywa ni sawa na kumpima mwanafunzi wa Turkana kwa Kifaransa, kisha tukaandika katika faili yake kwamba hana akili.

Kosa la pili ni la kalenda. Ili kufidia muda uliopotea, mihula ya 2021 na 2022 ilibanwa, na kalenda ya kawaida ikarejea Januari 2023. Kwa wengi mpango huo ulisaidia. Lakini tazama ulivyomwangukia mtoto aliyehitaji muda zaidi: alipewa muda mchache kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu aliyebanwa na silabasi hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma kumfundisha ishara alizozisahau.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu. Nitaambiwa kwamba watoto wote waliumia, walimu ni wachache, fedha hazitoshi. Mbona huyu apendelewe? Hoja ya uchache wa walimu naikubali, kwa kuwa nawafahamu walimu wanaobeba mizigo miwili kwa mshahara mmoja. Lakini ninachokidai kwanza, yaani kumpima mtoto upya kabla ya kumhamisha, hakihitaji jengo jipya. Vituo vya upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmaki, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya imekuwapo tangu 1986. Wala si upendeleo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu na ya kutumia lugha ya ishara. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kimeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lugha inayostahili kutumiwa na wabunge haiwezi kuwa anasa kwa mtoto wa Gredi ya 2.

Nawaomba wazazi, na walimu wanaowashauri, wazingatie mambo machache. Ombi la kupimwa upya litolewe kwa maandishi, lenye tarehe, na nakala ihifadhiwe. Ombi la mdomo huisha mlangoni. Barua ieleze mtoto aliweza nini kabla ya masomo kukatizwa na anaweza nini sasa. Daftari zake za zamani ni ushahidi. Idai kwamba anayempima awe anaijua lugha ya ishara. Na ombi likikataliwa, mzazi aombe sababu kwa maandishi, maana kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo pale ambapo uamuzi wa ofisi unaathiri haki za mtu.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Dada aliogopa mwanzoni. "Kaka, wakinichukia si watamtesa mtoto?" aliniuliza. Hofu hiyo, ndugu msomaji, ni lawama kwetu sisi walimu, kwamba mzazi aone kudai haki ni kutafuta uadui. Barua ya tatu ndiyo iliyojibiwa. Mtoto alipimwa na mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi, naye alihitimisha kwamba tatizo lilikuwa ni uhaba wa lugha, si wa akili. Hakuhamishwa. Alipewa saa za ziada za mazungumzo pamoja na wanafunzi wakubwa wa bwenini. Hadi leo yuko nyuma ya umri wake katika kusoma, na sitamdanganya mtu kwamba miezi ile imefidiwa yote. Ila kisa cha mbuzi wa jikoni anakisimulia tena, na sasa kimerefuka.

Korona ilipita, lakini kukatizwa kwa masomo hakukupita nayo. Mwaka wa 2015 mgomo wa walimu ulifunga madarasa kwa wiki kadhaa. Mwaka wa 2024 mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi Mei 13. Kutakuwa na mara nyingine. Pendekezo langu ni kwamba kila shule yenye wanafunzi wa mahitaji maalumu iwe na kanuni moja iliyoandikwa: masomo yakikatizwa kwa muda mrefu, hakuna mtoto atakayekaririshwa darasa au kuhamishwa kitengo kabla ya kupimwa upya kwa lugha yake. Mwalimu mkuu anaweza kuipitisha kanuni hiyo pamoja na wenzake katika kikao cha kwanza cha muhula ujao, bila kungoja waraka kutoka Nairobi.