Kifaransa Kitamfaa Nini Mtoto wa Mbamba Bay?

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kuingia chuo kikuu yanapotangazwa, ubishi huzuka katika nyumba nyingi za wafanyakazi. Mtoto asema amechagua kusoma lugha ya Kifaransa na utamaduni wake. Baba akunja uso. Habari ikipelekwa kwa wazee, na tuchukulie kuwa nyumbani ni Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, jibu lao halitabiriki kwa shida. Ng'ambo ya ziwa ni Malawi, na huko hutumika Kiingereza. Kusini ni Msumbiji, na huko hutumika Kireno. Mfaransa yuko wapi? Nani atanunua usipa kwa Kifaransa?

Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Gharama za miaka mitatu hutoka katika mshahara wa baba, au katika muhogo na samaki wa mama. Mzazi anayo haki ya kuuliza anachonunua.

Jibu jepesi ni la kazi. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Shehena ya nchi hizo hupita Dar es Salaam na Kigoma, na nyaraka nyingi za Burundi na Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Huko Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hutumia Kifaransa miongoni mwa lugha zake. Shule za sekondari zinazofundisha lugha hiyo zinahitaji walimu. Lakini tusidanganyane: ajira haimngojei kila mhitimu mlangoni. Kama hoja ingekuwa ajira peke yake, wazee wa Mbamba Bay wangeweza kutushinda.

Lipo jibu jingine, nalo limo katika historia ya ufuko huo huo. Tarehe 14 Septemba, mwaka 1776, mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kwa kila kichwa, mwanamume au mwanamke. Watu hao hawakuzaliwa Kilwa. Wengi walitoka bara, na misafara iliyowashusha pwani ilifika hata nchi za Ziwa Nyasa. Merikebu ziliwachukua hadi visiwa viwili vya Bahari ya Hindi: Île de France, ambacho leo ni Mauritius, na Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Huko Bourbon walilimishwa kahawa, zao lile lile ambalo sasa ni tegemeo la milima ya Mbinga.

Habari za watu hao zimeandikwa kwa lugha gani? Kwa Kifaransa. Mkataba, hesabu za merikebu, orodha za mashamba na vitabu vya ubatizo, vyote viliandikwa na makarani wa Kifaransa. Karani aliyeulizwa asili ya mtumwa wa upande wetu mara nyingi aliandika neno moja tu, "Mozambique", hata kama mtu huyo alitoka mbali na Msumbiji. Atakayefumbua neno hilo lazima akijue Kifaransa. Lakini Kifaransa pekee hakitamtosha. Yampasa ajue pia njia za misafara, majina ya kwetu na lugha za kandokando ya ziwa. Hapo mtoto wa Mbamba Bay humzidi msomi wa Paris.

Ndiyo maana shahada ya namna hii huwa na faida inapounganisha lugha na historia, jiografia, fasihi na siasa. Tazama mfano mmoja. Mwanafunzi wa lugha tupu atakariri Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1789, na ataishia kuwasifu Wafaransa. Mwanafunzi aliyesoma na historia atajua kwamba mwaka 1794 serikali ya mapinduzi mjini Paris ilifuta utumwa, na walowezi wa visiwa vile viwili wakakataa kutii amri hiyo; na kwamba mwaka 1802 Napoléon Bonaparte alidumisha utumwa huo kisheria. Huko Réunion watumwa hawakupata uhuru hadi tarehe 20 Desemba, mwaka 1848. Huyu wa pili hasomi ili awe Mfaransa. Anasoma ili amwulize Mfaransa maswali.

Wafaransa wenyewe wameuelewa mpango huu zamani. Katika taasisi ya INALCO mjini Paris, Kiswahili hufundishwa pamoja na mambo ya jamii za waswahili. Hakuna anayewauliza vijana wao watauza nini kwa Kiswahili. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha Kifaransa, na kijana anaweza kukisoma pamoja na masomo mengine.

Basi, ndugu mzazi, mtoto akija na ombi hilo, usimkubalie upesi wala usimfukuze. Mwulize: utakisoma pamoja na somo gani, na utakitumia kwa kazi gani? Akijibu kwamba anapenda tu mlio wake, mrudishe akafikiri tena. Akijibu kwamba anataka kufundisha, kukalimani mahakamani, au kusoma orodha zile ambazo ndani yake wamo watu wa ziwa letu wasio na majina, mpe nauli. Katika Réunion na Mauritius wapo wajukuu wa watu hao ambao hadi leo hawajui babu zao walitoka kijiji gani. Jibu lao, kama lipo, litapatikana kwa mtu anayezisoma karatasi hizo na kuyatambua majina ya kwetu.