Si Midoli Tu: Jibu kwa Kaka Yangu na Wote Walionyamaza

Sisi huku hatujambo, ni baridi tu inayotukumbusha kila asubuhi kwamba hatukuzaliwa huku. Niwieni radhi kwa kimya cha karibu miezi miwili. Zamu za usiku zimefuatana, na siku za mapumziko nimekuwa... basi, hapo ndipo penye maneno.

Wiki iliyopita nilituma picha kwenye kundi la familia. Mliona meza, reli ndogo, stesheni ya Voi niliyoijenga kwa kadibodi, na kichwa cha treni kinachoenea kwenye kiganja. Kaka yangu akaandika: "Dada, sisi huku tunahangaika na pampu ya kisima, wewe unanunua midoli?" Shangazi akacheka. Wengine mkanyamaza, nami nawajua, kunyamaza kwenu ni kumuunga mkono.

Leo najibu. Kwa heshima, lakini najibu.

Kwanza mjue ni kitu gani. Huku Uingereza watu wazima, tena wazee wenye wajukuu, hujenga reli ndogo majumbani. Kipimo kinachopendwa zaidi huitwa OO: kila kitu kimepunguzwa mara 76.2, na upana wa reli ni milimita 16.5. Ukipiga hesabu ya kurudisha, unapata reli ya milimita 1,257. Ni nyembamba kuliko SGR yenye 1,435, na ni pana kuliko reli yetu ya zamani ya mita moja. Baba alipoambiwa hivyo alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Kumbe hata Waingereza wanakosea vipimo!"

Meza yangu ni plaiwudi ya futi sita kwa nne, yenye fremu ya mbao chini ili isipinde. Nikimaliza naisimamisha ukutani, maana chumba chenyewe ni hicho hicho cha kulala. Udongo nimeupaka rangi nyekundu kama wa kwetu, na vumbi la kando ya reli ni majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yakaanikwa. Kuna mbuyu mmoja, shamba la mkonge, na njia inayochepuka kwenda Taveta. Kichwa cha treni nilikinunua kikiwa kimetumika, pauni 35. Kipya kingenigharimu zaidi ya mia.

Sasa niwaeleze kilichonifundisha. Mwezi wa kwanza treni ilikuwa inakwenda vizuri, halafu ikaanza kusimama. Ukiisukuma kwa kidole inakwenda, inasimama tena. Nikasema mota imekufa, nikafungua duka la mtandaoni kutafuta kichwa kingine. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kulipa.

Baba akapiga simu ya video jioni hiyo. Nikamwonyesha. Hakuuliza bei wala duka. Akauliza, "Inasimama wapi?" Nikasema kila mahali. Akasema, "Hapana. Tazama vizuri, halafu uniambie wapi."

Nikatazama. Kweli, ilikuwa inasimama sehemu mbili tu: kwenye pointi ya kuingilia Taveta, na kwenye kona ya mbali. Akaniambia niweke kichwa kingine pale pale. Nikaazima kwa mzee mmoja wa chama chetu cha reli ndogo, ambako mimi ndiye mwanamke pekee na Mwafrika pekee, na wananitengea biskuti. Hicho nacho kikasimama kwenye kona. Basi mota yangu haikuwa na kosa pale. Kosa lilikuwa njiani.

Treni hizi hupata umeme kupitia reli zenyewe, volti 12. Reli zinaunganishwa kwa vibati vidogo, na vikilegea umeme hupungua kadiri unavyokwenda mbali na waya wa kulisha. Nikapima kwa mita ya umeme: karibu na waya volti zilikuwa sawa, lakini treni ikiwa pale konani zilishuka sana. Dawa yake ni kulehemu waya mwembamba kwenye kila kipande cha reli na kuupeleka kwenye waya mnene uliopita chini ya meza. Nilitumia jioni mbili na vidole viwili viliungua. Kona ikapona.

Pointi ilikuwa na ugonjwa mwingine. Pale reli zinapokatana pana kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Kichwa kirefu huvuka bila shida kwa sababu magurudumu mengine bado yanagusa chuma. Changu ni kifupi, kina magurudumu manne tu, na mawili yalikuwa hayachukui umeme: moja limejaa uchafu mweusi, la pili kibati chake cha nyuma kilikuwa kimepinda hakiligusi. Nikafuta magurudumu kwa spiriti na pamba ya kijiti, nikakirudisha kibati taratibu. Kwenye ekseli nikakuta unywele wangu mwenyewe umejizungusha! Nikatia tone moja la mafuta kwa ncha ya pini, moja tu, kwa sababu mafuta yakizidi huingia kwenye mota na kukusanya uchafu. Reli nazo nilizifuta kwa spiriti. Msisugue reli kwa msasa mkali, mikwaruzo ndiyo nyumba ya uchafu.

Gharama yote haikufika pauni kumi. Na mimi nilikuwa tayari kutupa mia.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mazoea ya kusema "kimekufa, tununue kingine" yanatumaliza, sisi wa huku na nyinyi wa huko. Wodini nilifundishwa hivi: mashine ikilia kwamba oksijeni ya mgonjwa imeshuka, mtazame mgonjwa kwanza. Akiwa anaongea vizuri na midomo haijabadilika rangi, angalia kibanio cha kidoleni. Mara nyingi kidole ni cha baridi, au kimepakwa rangi ya kucha. Nayajua hayo kwa miaka kumi na mbili, lakini mbele ya treni yangu niliyasahau yote. Ilibidi fundi mstaafu wa reli anikumbushe kutoka Voi.

Na sasa niseme lile ambalo sikuliandika kwenye kundi.

Tangu Mama afariki, Baba na mimi tulikuwa hatuna la kuzungumza. Nikipiga anasema "salama," nauliza dawa, anasema "nimekunywa," tunamalizia kwa pesa. Dakika tatu. Mwaka jana nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kuacha uuguzi kabisa, na sikumwambia, naye naamini alikuwa na yake ambayo hakuniambia. Siku niliyomwonyesha reli alikaa kwenye simu saa moja na nusu. Alinieleza alivyoajiriwa miaka ya 1970, Garratt za mvuke za daraja la 59 zikiwa bado zinanguruma kati ya Mombasa na Nairobi, kila moja ina zaidi ya tani 250. Nilimwambia kwamba zote 34 ziliundwa hapa hapa Manchester, mtaa wa Gorton, katika kiwanda cha Beyer, Peacock kilichofungwa 1966. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi umekwenda kuishi zilikotoka." Sijawahi kumsikia na sauti ile tangu msiba.

Sasa hunipigia yeye kila Jumapili. Anataka kuona pointi zimekaaje.

Kaka, una haki kwa jambo moja. Pesa ya huku ina majina mengi, na anayetuma hapaswi kuchezea karo ya mtoto wa mwenzake. Ndiyo maana nimejiwekea mpaka: pauni 25 kwa mwezi, na mwezi wa karo hakuna hata moja. Lakini sikubali kwamba mtu aliye ugenini ni mfereji tu wa kupitisha pesa. Mfereji nao hupasuka. Nimeona wenzetu huku wakizidisha zamu mpaka wakaanguka, na wengine wakatafuta faraja kwenye chupa. Mimi nimeipata kwenye plaiwudi. Niachieni.

Na pampu? Nilimwomba Baba aende nayo kama alivyokwenda na treni yangu: kwanza umeme unafika? Kisha viungo, kisha chujio, mota mwisho kabisa. Kaka mwenyewe ndiye aliyeivuta kutoka kisimani, na nampa heshima yake. Chujio lilikuwa limeziba matope. Maji yanatoka tangu Alhamisi. Ile pesa niliyokuwa nimeitenga kwa pampu mpya nimeituma hata hivyo, ikarekebishe paa la Baba kabla ya mvua.

Kaka, siku nyingine nipigie kabla ya kuniandika kwenye kundi. Huenda sijabadilika, ni kiungo tu kimelegea.

Haya, zamu inaanza saa mbili usiku, acha nikalale. Msalimieni kila anayeniulizia. Nanyi semeni mnaonaje, hata mkinipinga.