Mwimbaji Akiondoka, Jina la Bendi Libaki na Nani?

Wahenga walinena kwamba kufa kwa mdomo, mate hutawanyika. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumhusu kiongozi wa ukoo au wa chama ambaye, akiisha kuondoka, wafuasi wake hutapanyika kila mmoja na njia yake. Katika muziki wa bendi maana yake huwa karibu zaidi na maneno yenyewe, kwani mwimbaji ndiye mdomo wa kundi. Anapofariki au anapojiuzulu, wenzake wanaobaki na magitaa na ngoma zao hukabiliwa na swali zito: watawanyike kama mate, au watafute mdomo mwingine?

Swali hili limezuka mara nyingi katika muziki wa roki, hasa kwa kuwa bendi nyingi zilizoanza miaka ya 1960 na 1970 zimezeeka pamoja na mashabiki wao. Hata zile za baadaye hazikusalimika. Mnamo Septemba 2024, Linkin Park ya Marekani ilimtangaza Emily Armstrong kuwa mwimbaji wake mpya, miaka saba baada ya kifo cha Chester Bennington. Wapo mashabiki walioshangilia, na wapo waliohisi kana kwamba kaburi limefukuliwa. Mimi nataka kulijadili suala hili kwa kuitazama bendi ya Queen ya Uingereza, kwa sababu mdomo wa bendi hiyo ulizaliwa katika pwani yetu.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, na babake aliitumikia serikali ya kikoloni. Alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni, akarejea Unguja, na baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa yake ikahamia Uingereza. Huko ndiko ulimwengu ulikomjua kwa jina la Freddie Mercury. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kutokana na maradhi yaliyoletwa na UKIMWI, akiwa na umri wa miaka 45.

Wenzake watatu walibaki: Brian May mpiga gitaa, Roger Taylor mpiga ngoma, na John Deacon mpiga besi. Mnamo Aprili 1992 walimfanyia tamasha la kumbukumbu katika uwanja wa Wembley, na mwaka 1995 wakatoa albamu iliyojengwa juu ya sauti alizoziacha zimerekodiwa. Baadaye Deacon alistaafu, akajitenga kabisa na jukwaa. May na Taylor hawakustaafu. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2009 walishirikiana na Paul Rodgers, mwimbaji mkongwe wa Kiingereza. Kisha wakamwalika Adam Lambert, kijana wa Kimarekani aliyekuwa ameshika nafasi ya pili katika shindano la uimbaji la runinga mwaka 2009. Tangu 2012 wamezunguka naye mabara kadhaa, na mwanzoni mwa 2024 walikuwa Japani wakiimba katika viwanja vilivyofurika.

Je, hiyo ni Queen? Wapo wasemao kwamba sivyo. Kwao Queen ilizikwa Novemba 1991, na kilichobaki ni wazee wawili wanaouza jina. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa inatoka katika mapenzi. Hata hivyo, nikiipima naona haisimami vyema.

Kwanza, ikumbukwe kwamba Freddie Mercury mwenyewe aliingia kwa mlango huo huo. May na Taylor walikuwa na bendi iliyoitwa Smile, na mwimbaji wake alikuwa Tim Staffell. Staffell alipoondoka mwaka 1970, Freddie ndiye aliyekalia kiti chake. Lau wenzake wangeshika imani kwamba bendi hufa mwimbaji wake anapotoka, ulimwengu usingelisikia jina la Queen, na huenda mtoto huyo wa Unguja angebaki mchoraji asiyejulikana katika vichochoro vya London. Anayemtukuza Freddie kwa kukataa kila mwimbaji anayekuja badala ya mwingine anaukata mti uliozaa tunda analolisifu.

Pili, tusichanganye mtunzi na mwimbaji. Fasihi yetu ya Kiswahili imezijua kazi hizi mbili tangu kale. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umeghanwa na vinywa visivyo na idadi, na hakuna aliyewahi kudai kwamba ungepaswa kunyamazishwa siku mtunzi alipofariki. Shairi ni mali ya aliyelitunga na ya jamii iliyolipokea. Mghani ni mjumbe. Sasa tazama Queen. Wote wanne walikuwa watunzi. "We Will Rock You" ni utungo wa May, "Radio Ga Ga" ni wa Taylor, na "Another One Bites the Dust" ni wa Deacon, yule asiyependa makuu. Kumwambia May asiupige tena wimbo alioutunga kwa kichwa chake mwenyewe, eti kwa sababu aliyeuimba amefariki, ni kumnyang'anya mtunzi haki yake.

Tatu, na hapa ndipo taaluma yangu inaponisukuma, kuna suala la jina lenyewe. Katika isimu tunafundisha kwamba jina la pekee halielezi kitu, bali hukitaja. Mto Tana huitwa Tana ingawa maji tuliyoyaona jana yamekwisha kufika baharini. Kinachoudumisha utambulisho wa jina ni mfululizo usiokatika, pamoja na makubaliano ya wale wanaolitumia. Kikikosekana kimojawapo, jina huwa ganda tupu.

Kisa cha The Doors ya Marekani kinatuonyesha jinsi makubaliano hayo yanavyoweza kuvunjika. Mwimbaji wao, Jim Morrison, alifariki Paris mwaka 1971. Wenzake walijaribu kuendelea, wakatoa albamu mbili, kisha wakaachana mwaka 1973. Miongo mitatu baadaye, mnamo 2002, wawili kati yao, Ray Manzarek na Robby Krieger, walimchukua mwimbaji Ian Astbury na kurudi jukwaani kwa jina la "The Doors" lililoongezewa maneno ya karne ya 21. Mpiga ngoma wao wa zamani, John Densmore, alipinga na kwenda mahakamani pamoja na warithi wa Morrison. Mwaka 2005 mahakama ya California iliwazuia wawili hao kulitumia jina hilo. Mfululizo ulikuwa umekatika kwa miaka mingi, na mwenye hisa katika jina hakuwa ameridhia. Naona mahakama iliamua kwa busara.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda California kulielewa jambo hili. Simba Wanyika ya akina Kinyonga, ndugu kutoka Tanga waliotamba Nairobi, ilipopasuka mwaka 1978, waliotoka walijiita Les Wanyika. Walichukua nusu ya jina na kuiacha nusu. Nusu ile iliwaambia wasikilizaji walikotoka, na neno geni la mwanzo likawaambia kwamba hawa si wale. Hakuna aliyenunua santuri ya mmoja akidhani ni ya mwingine. Huo ndio uungwana wa jina.

Na Queen wamefanya vivyo hivyo kwa alama moja ndogo. Hawakujitangaza kuwa "Queen" tu mbele ya mwimbaji mpya. Walijiandika "Queen + Paul Rodgers," kisha "Queen + Adam Lambert." Alama hiyo ya kujumlisha inafanya kazi ya neno letu "na". Tunaposema "Juma na mgeni wake," hatumfanyi mgeni kuwa Juma, wala hatumfichi mgeni mlangoni. Alama hiyo inamwambia mnunuzi wa tiketi, kabla hajatoa pesa zake, kwamba atakayemwona siye Freddie na hadai kuwa Freddie. Sioni udanganyifu hapo. Kama hii ni biashara, na bila shaka ni biashara, basi ni biashara yenye kipimo cha haki.

Kuna watakaoniuliza: na sauti je? Sauti ya mtu hutokana na koo lake, kinywa chake na pua yake. Haiazimwi, wala hairithiwi kama shamba. Nakubali. Kwa sababu hiyo hiyo nadhani kosa kubwa si kumleta mwimbaji mpya, bali ni kumtaka awe mwangwi wa yule wa zamani. Mwaka 2007 mpiga gitaa wa Journey, Neal Schon, alimpata Arnel Pineda wa Ufilipino kwa kutazama video zake kwenye intaneti, akiimba nyimbo za wengine, zikiwemo za Journey yenyewe. Pineda ni fundi, na simwonei kijicho riziki yake. Lakini mwimbaji anaposifiwa hasa kwa kufanana na Steve Perry aliyemtangulia, amefungwa katika gereza la koo la mtu mwingine. Lambert hakufungwa hivyo. Ana madaha yake na mavazi yake, na noti za juu huzifikia kwa njia yake mwenyewe.

Hata hivyo, sifa zangu kwa Queen zina mpaka. Wakongwe hawa walitoa albamu ya nyimbo mpya pamoja na Rodgers mwaka 2008. Pamoja na Lambert, kwa miaka zaidi ya kumi ya ziara, wametoa albamu ya nyimbo za jukwaani tu, mwaka 2020, wakirudia ya kale. Linganisha na AC/DC ya Australia. Bon Scott alifariki Februari 1980. Kabla ya mwezi Agosti mwaka huo huo bendi ilikuwa imempata Brian Johnson, ikatunga, ikarekodi na kutoa "Back in Black," albamu yenye jalada jeusi la maombolezo, ambayo imekuwa miongoni mwa zilizouzwa zaidi duniani. Johnson alipewa nyimbo zake mwenyewe, na kwa nyimbo hizo akawa mwenyeji. Lambert, kwa kipaji chote alicho nacho, amebaki mgeni wa heshima katika nyumba ambayo haijengwi tena chumba kipya.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Bendi ikimpoteza mwimbaji, ina haki ya kuendelea endapo walioijenga wangali ndani yake au wameridhia, endapo mgeni hageuzwi kivuli cha marehemu, na endapo jina linalotangazwa linamwambia mnunuzi ukweli. Zaidi ya haki hiyo kuna wajibu, nao ni kutunga. Bendi isiyotunga tena hugeuka jumba la makumbusho, na mwimbaji wake mpya huwa mwongoza watalii.

Unguja kwenyewe kuna funzo la aina hiyo. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa huko mwaka 1905, miaka 41 kabla ya Farrokh Bulsara kuzaliwa. Waasisi wake wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na waimbaji wake wamepokezana kizazi baada ya kizazi. Hakuna anayeuliza kama Ikhwani Safaa ya leo ni Ikhwani Safaa ya kweli, kwani chama hicho hakikuwahi kulifunga jina lake katika koo moja. Roki, iliyozoea kumfanya mwimbaji kuwa mfalme, ingeweza kujifunza kutoka kwa mji uliomzaa mwimbaji wake mashuhuri kuliko wengi. Mate hutawanyika mdomo unapokufa, lakini maneno yaliyotoka kinywani humo huweza kusemwa na mwingine, na mengine mapya yakaongezwa.