Rangi ya Unga na Ng'ombe Wawili

Leo nataka kusema na wazazi wenye vijana wa ufundi huku Dar es Salaam.

Mzee mmoja kutoka bara alifika ofisini kwetu akanionyesha ujumbe katika simu yake. Mwanawe, fundi wa kuchomelea huko Temeke, alimwomba auze ng'ombe wawili apate fedha za kukuza kazi ya rangi ya unga. "Mwanangu karani," akasema, "unga gani huo upakwao chumani? Au mtoto amekwisha kuwa mwongo?"

"La, mzee wangu," nikamjibu, "kazi hiyo ipo."

Rangi hii haina thina wala mafuta. Ni unga mkavu wa namna ya plastiki. Kwanza chuma husafishwa hata kutu na grisi ziishe. Kisha unga hupulizwa kwa bunduki inayoutia umeme, na chuma hufungwa waya wa kwenda ardhini. Basi unga huvutwa ukakishika. Halafu chuma huokwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 180 mpaka 200 hivi, dakika 10 mpaka 20, na unga huyeyuka ukawa ngozi ngumu. Ufundi huu ulianza Ujerumani miaka ya 1950. Kwanza ulikuwa kazi ya viwanda. Siku hizi zauzwa bunduki ndogo, na huko Marekani wako wanaojifanyia nyumbani kwa majiko ya umeme ya zamani.

Vijana wetu nao waona faida. Upepo wa bahari una chumvi, nayo yala vyuma upesi. Tena madirisha ya alumini yaliyopakwa kiwandani yawanyang'anya wateja.

Basi tukaenda. "Shikamoo, baba," kijana akatupokea, akatuonyesha tanuri alilolitengeneza mwenyewe kwa mabati na koili za jiko kuukuu. Nilimsifu moyoni. Lakini mzee, aliyechoma matofali tangu ujana wake, aliuliza neno moja tu: "Wajuaje joto kama limefika?"

"Nakisia, baba."

Mzee akaokota msumari, akakwaruza kiti kilichokwisha kuokwa. Rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake kutu.

Chuma kinene hukawia kupata moto, na dakika huhesabiwa tangu chuma chenyewe kilipofikia joto, si tangu mlango ulipofungwa. Umeme ukikatika katikati, kazi huharibika. Lakini jambo lililonitisha zaidi ni jingine: nyuma ya pazia, mkewe alikuwa akipika kwa mkaa, na mtoto mgongoni. Vumbi la unga ule likijaa chumbani, cheche moja yatosha kulilipua; na mapafu hayalitaki hata kidogo.

Mzee alikaa kimya, kisha akasema: "Ng'ombe mmoja nitauza. Fedha yake itakulisha miezi sita, ukakae chini ya fundi aijuaye kazi hii. Wa pili atangojea."

"Na tanuri, baba?"

"Tanuri halili majani. Nalo lingoje."

Kijana aliinama, kisha akainuka akalibeba jiko la mkewe kulipeleka uani. Hapo nikajua amesikia.

Wazazi, msiwakatalie vijana kwa sababu kazi ni ngeni. Waulizeni maneno matatu: Chuma wakisafishaje? Joto walipima kwa nini? Vumbi laenda wapi? Wamshauri pia aulize SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, kabla ng'ombe hajafungwa kamba. Na asiahidi kupaka geti ikiwa tanuri lake latosha kiti tu.

Akijibu sawasawa, uzeni bila hofu. Akisema "nakisia", mwacheni ng'ombe malishoni kwanza.