Askari Wangu Hawapauki

Wacha niseme mapema, kabla mtu hajaniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Nina miaka 22, naishi Majengo hapa Nyeri, na jioni nyingi utanipata nimeinamia meza nikipaka rangi visanamu vya askari wa kale, kila kimoja urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Vikikauka, mimi na mabeshte wawili tunavipanga mezani, tunapima hatua kwa rula, tunarusha dadu, na jeshi moja linapigwa. Huo ndio mchezo. Wasee wa base wamenipa kila jina, la juzi likiwa Baba Wanasesere.

Hayo nimezoea. Kile sijazoea ni maneno yanayofuata: "Hiyo ni mambo ya wazungu." Hapo ndipo nataka tusumbuane kidogo.

Ni kweli mchezo wenyewe, vile tunaucheza, umetoka huko. Maafisa wa Prussia walifundishwa vita kwa vipande vya mezani tangu miaka ya 1820, na mwaka wa 1913 H. G. Wells, yule wa hadithi ya mashine ya kusafiri kwenye wakati, alitoa kitabu kinaitwa Little Wars, kanuni za kupigana na askari wa bati sakafuni. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na watu wa huku hawakuulizwa kama wanataka kucheza. Walichukuliwa kubebea jeshi mizigo, ndiyo maana hadi leo Nairobi kuna Kariokor.

Lakini kupaka rangi jeshi dogo? Hapo wazungu walichelewa, tena sana. Kule Asyut, Misri, ndani ya kaburi la mkuu wa jimbo aliyeitwa Mesehti, kulipatikana askari 80 wa mbao wenye umri wa miaka kama 4,000. Wamesimama kwenye ubao, wanne wanne. Arobaini ni Wamisri wenye mikuki na ngao, arobaini ni Wanubi wenye pinde na mishale. Wako makumbusho ya Cairo. Ni wakubwa kuliko wangu, karibu nusu mita, na hawakuwa wa kuchezea. Walikuwa wa kumlinda marehemu huko alikoenda. Sawa. Ila angalia kazi ya mikono, manze. Ngao zimepakwa rangi zifanane na ngozi ya ng'ombe na madoa hayafanani. Urefu wa askari haulingani. Wanubi wamepakwa weusi wao, Wamisri wakapakwa wekundu wao wa udongo. Yaani kuna fundi alikaa chini na burashi akaamua kwamba hawa si mtu mmoja aliyerudiwa mara arobaini.

Sasa nije kwa aibu yangu.

Mwaka juzi binamu yangu alitoka Uingereza na maboksi mawili, moja la Warumi na lingine la wapiga mishale wa Kinubi. Warumi niliwapa wiki tatu. Nilikuwa nimetazama video za jamaa wa huko, kwa hivyo nilijua kila kitu: rangi ya kwanza ya uso, kivuli chini ya taya, mwanga kwenye pua na mashavu, hata macho kwa ncha ya kijiti cha meno. Video zote zilikuwa na chupa imeandikwa rangi ya ngozi, na ukiifungua ni pinki. Sikujiuliza.

Wanubi niliwapa jioni moja. Nilinunua mkebe wa spre nyeusi kwa hadwea, nikawapuliza kumi na wawili kwa mkupuo, nikawawekea kitambaa cheupe kiunoni, nikaenda kulala nikijiona fundi.

Jirani yetu ni mzee anayeandika mabango ya maduka. Zamani aliandika matatu pia, zile za enzi za burashi, si hizi za stika. Alikuja kuomba chaja, akaona meza. Akamwinua Mrumi mmoja, akamgeuza kwa mwanga, akatingisha kichwa kwa heshima. Akamwinua Mnubi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa kijana, hawa wengine ni watu. Hawa hapa ni vivuli vyao?"

Nilicheka. Halafu sikucheka tena. Mimi, na sura hii yangu, nilikuwa nimempa adui kila kipaji nilichonacho, na watu waliofanana na mimi nikawapa spre.

Mzee alinifunza bure, na ninawapa pia bure. Usianze na nyeusi. Anza na kahawia iliyokolea: ile unga ya oksaidi nyekundu ya sakafu, nyeusi kidogo, manjano tone moja, uichanganye na rangi ya maji yenye gundi. Nyeusi tupu iweke tu pale mwanga haufiki, yaani kwapani, chini ya kidevu, katikati ya vidole. Ukifika kwa mwanga, tafadhali sahau nyeupe. Ongeza manjano na wekundu kidogo kidogo. Alinisimamisha dirishani akaniambia nitazame mkono wangu mwenyewe, na kweli, kati ya bega na kiwiko nilihesabu rangi nne. Ukiweka nyeupe, askari anapauka kama mtoto wa darasa la tatu aliyemkimbia mamake na Arimis asubuhi ya Julai. Na Julai ya Nyeri mnaijua. Hata rangi yenyewe haikauki. Usijaribu kuisaidia na jiko, mimi nina mpiga mishale mmoja ameinama maisha yake yote kwa sababu hiyo.

Siku hizi nachanganya vikopo vitatu vya kahawia tofauti, na sipaki majirani wawili kwenye mstari kutoka kopo moja.

Ukianza kuwatazama hivyo, unaanza kutaka kujua walikuwa akina nani, na hapo ndipo utamu wenyewe uko. Herodoto, Mgiriki aliyeandika karne ya tano kabla ya Kristo, anasema Waafrika wa kusini ya Misri waliokuwa kwenye jeshi la Shahinshahi Xerxes walivaa ngozi za chui na simba, pinde zao ndefu zilikuwa za mti wa mtende, na wakienda vitani walijipaka nusu ya mwili chokaa na nusu rangi nyekundu. Nusu nyeupe, nusu nyekundu! Nani anahitaji spre nyeusi? Na ngozi ya chui si madoa meusi tupu, ni pete zilizovunjika zenye kahawia katikati. Hiyo pekee ilinichukua Jumapili nzima.

Halafu kuna Amanirenas, malkia wa Kush, ule ufalme wa Wanubi. Kama mwaka wa 25 kabla ya Kristo jeshi la Kush liliingia Aswan, ambayo ilikuwa mikononi mwa Roma, likaangusha sanamu za Augusto. Kichwa kimoja cha shaba kilizikwa Meroe chini ya ngazi za hekalu, ili kila anayepita amkanyage mfalme wa Roma. Kilifukuliwa mwaka wa 1910 na sasa kiko London. Strabo anasema malkia alikuwa na jicho moja. Warumi walirudisha kipigo, wakafika Napata wakaibomoa, hilo nalo tuseme. Lakini mwishowe Augusto alikubali kuwaondolea ushuru. Mimi nikiweka Kush mezani dhidi ya Warumi wangu wa wiki tatu, sitaki mtu aone mashujaa upande huu na vivuli upande ule.

Kuna msee ataniambia, ni kitu cha sentimita mbili, nani anaona? Anayecheza na wewe anaona. Ukisimama mita moja kutoka mezani huoni sura, lakini macho yanajua kama lile ni kundi au ni watu. Kule nje kuna kampuni inauza safu nzima ya visanamu vya watu wa huku, Wamaasai wakiwemo, na safu imeitwa Darkest Africa. Wamechongwa vizuri, siwezi kudanganya. Jina ndilo limepulizwa spre.

Mtaniuliza mbona basi nisipake historia ya hapa nyumbani. Jibu ni shosho. Alikuwa mtoto wakati wa Emergency, akaishi kwenye vile vijiji vya kufungiwa vya 1954. Siku moja aliingia akakuta jeshi limejipanga. Hakukaa.

"Hawa ni askari wa nani?"

"Wa zamani sana, shosho. Miaka elfu mbili."

"Wamekufa wote?"

"Wote."

"Na watoto wao?"

"Hata wao."

Akafikiria. "Basi cheza."

Hiyo nimeifanya sheria. Beshte yangu mmoja anajua mtu mwenye printa ya 3D, na anataka tuchapishe Mau Mau na homugadi. Mimi nimekataa. Hapa Nyeri wajukuu wa hao wote wanapanga foleni moja dukani, na sitarusha dadu kuamua babu ya nani anaanguka. Yeye anasema tukingoja hadi watoto wa watoto wafe, kuna mtu mbali na hapa atavichonga na kuviita jina lake. Ana pointi. Bado nimekataa, na bado tunabishana.

Wale kumi na wawili wa spre niliwaloweka kwenye Dettol usiku kucha nikawasugua kwa mswaki mzee. (Usiwaoshe kwa maji moja kwa moja, inageuka gundi. Sugua kwanza kwa Dettol yenyewe.) Nyumba ilinuka hospitali siku tatu. Nikawaanza upya, nikaongeza wengine, na shabaha yangu ni arobaini, kama wale wa Asyut. Nimefika ishirini na watatu, wamesimama juu ya vizibo vya soda.

Wiki jana mzee wa mabango aliomba mmoja wa kuweka dirisha la kibanda chake. Nikamwambia achague. Aliwapitia wote polepole, akamchukua yule aliyeinama.