Tulete Risiti Zetu Mezani

Wafanyabiashara wenzangu wa Gikomba, Kamukunji na Eastleigh, nanyi ndugu zetu wa Kariakoo,

Kila wiki nasikia ubishi uleule. Huyu anaapa kwamba kontena hutoka kwa nafuu Dar es Salaam. Yule anasema Mombasa ni afadhali, mradi uwe na wakala mzuri wa forodha. Tunabishana mpaka chai inapoa, na hakuna anayetoa karatasi. Ombi langu kwenu ni moja: tuzitoe karatasi.

Mimi nimeanza. Mwaka jana niliingiza kontena la futi 20 la vyombo vya jikoni kupitia Mombasa. Rafiki yangu wa Kariakoo aliingiza mzigo wa aina hiyohiyo kutoka China kupitia Dar es Salaam. Tulipokutana tukaziweka risiti zetu sambamba, tukazisoma mstari kwa mstari.

Kiwango cha ushuru wa forodha kilikuwa kimoja. Nchi zetu zimo katika umoja wa forodha tangu Januari 2005, na viwango vya pamoja ni asilimia 0, 10, 25 na 35, isipokuwa kwa bidhaa chache ambazo nchi imeruhusiwa kiwango chake.

Kodi zilitofautiana, lakini hizo unaweza kuzipigia hesabu ukiwa nyumbani. Chukua mzigo ambao thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli, ni shilingi 1,000,000, na ushuru wake ni asilimia 25. Kenya hutoza VAT ya asilimia 16 juu ya mzigo na ushuru wake: 200,000. Kwa asilimia 18 ya Tanzania Bara ingekuwa 225,000. Ila Kenya inaongeza ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2; hizo ni 45,000. Tanzania nayo ina tozo yake ya reli na ada yake ya forodha. Ukijumlisha yote, pengo si la kumhamisha mtu bandari.

Pengo letu lilikuwa kwingine. Nyaraka zangu zilirudishwa mara mbili, kontena likakaa yadi siku kumi na moja. Kila siku iliyozidi muda wa bure nililipa pande mbili: bandari kwa nafasi ya yadi, na kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena lake, ile tunayoiita dimareji. Lori nililokodi lilisubiri kwa pesa yangu. Niliporudisha kontena tupu, amana yangu ikakatwa ada ya usafi ambayo hakuna aliyenionyesha imeandikwa wapi. Mwenzangu hakulipa dimareji, lakini alikuwa na ankara ya bandari kavu ambayo mimi sikuwa nayo.

Gharama hizi hazisomwi kwenye bajeti, ila zimo ndani ya bei. Mama anayenunua sufuria Gikomba hajawahi kuiona yadi ya bandari, lakini zile siku kumi na moja amezilipa yeye.

Hata hivyo, risiti za watu wawili hazithibitishi kitu. Huenda wakala wangu alizembea. Huenda mwenzangu alibahatika. Lakini risiti za watu mia mbili, hakuna ofisi itakayoweza kuziita bahati mbaya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Madaftari tunayo, ila kila mmoja amelifungia lake kabatini, akichelea jirani asijue faida yake. Hofu hiyo naielewa. Basi ziba jina lako, ziba na bei uliyonunulia. Tunachotafuta ni gharama tangu meli ilipofika hadi kontena tupu liliporudi.

Tufanye hivi. Kwanza, kila anayeingiza kontena, na kila anayechangia kontena na wenzake, ahifadhi ankara zote na aandike tarehe nne: meli ilipofika, nyaraka zilipokubaliwa, kontena lilipotoka, na liliporudishwa tupu. Pili, asimlipe yeyote asiyetoa risiti. Tatu, kila soko lichague watu watatu waaminifu wa kukusanya nakala na kuzipanga katika jedwali, Nairobi na Kariakoo kwa mpangilio mmoja.

Kisha tubishe hodi. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Tuziandikie mamlaka za bandari na wasimamizi wa usafiri wa majini, tuulize kila ada inatokana na kanuni ipi. Hapa Kenya, Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lituhusishe.

Asiseme mtu kwamba hatusikiki. Agizo la 2019 la kupeleka mizigo ya Nairobi kwa reli na kuikagulia huko lilipingwa kwa maandamano na malalamiko ya watu wa Mombasa, na Septemba 2022 likaondolewa.

Ndugu yangu, ile risiti ya kontena lako la mwisho iko wapi? Itafute leo, itoe nakala, uilete sokoni.