Mate Yakikauka, Damu Iulizwe

Mwanamke wa makamo anayelalamika kwamba hawezi kumeza mkate asipoushushia maji, kwamba usiku huamka ulimi umegandana na kaakaa, na kwamba meno yake yanaoza pale yanapokutana na ufizi ijapokuwa huyapiga mswaki asubuhi na jioni, aghalabu huambiwa na jamaa zake, na pengine hata na tabibu wake, kuwa huo ni umri tu, au ni joto. Huenda ikawa kweli, na zipo dawa nyingi ambazo nazo hukausha kinywa. Lakini yako maradhi yaitwayo Sjögren, ambayo huwapata wanawake tisa kwa kila mwanamume mmoja, na ambayo hujificha nyuma ya udhuru kama huo miaka na miaka. Rai yangu ni kwamba udhuru huo usikubaliwe kabla damu haijapimwa.

Maradhi hayo yaliitwa kwa jina la Henrik Sjögren, tabibu wa macho wa Uswidi, ambaye mwaka 1933 alitoa tasnifu juu ya wanawake 19 waliokaukiwa macho, 13 kati yao wakiugua pia baridi yabisi. Wasahihishaji hawakuipa alama za juu, akakosa cheo cha ualimu wa chuo kikuu. Leo twajua kwamba seli nyeupe za damu, zilizoumbwa kuulinda mwili, hujazana katika tezi za mate na za machozi, na damuni huzuka kingamwili zinazoshika, si vijidudu, bali protini za mwili wenyewe, mashuhuri miongoni mwazo zikiwa zile za Ro na La.

Wataalamu wangali wakihitilafiana: je, kingamwili hizi ndizo mhalifu, ama ni shahidi tu aliyekutwa mahali pa uhalifu? Protini ya Ro hukaa ndani ya seli, ambamo kingamwili haiingii kwa wepesi, hata ikadhaniwa kwamba seli inapokufa ndipo inapoidhihirisha nje. Ipo kingamwili nyingine, iliyoonekana kwa baadhi ya wagonjwa, ambayo hukishika kipokezi kinachopokea amri ya mishipa ya fahamu ya kutoa mate. Na hiyo yaelekea kueleza kwa nini tezi ambayo, ikitazamwa kwa hadubini, haijaharibika sana, imekwisha acha kazi.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, hautoki kinywani. Kingamwili ya Ro hupita katika kondo la nyuma, na katika mimba moja au mbili kati ya 100 za akina mama walio nayo huijeruhi njia ya umeme ya moyo wa kijusi, aghalabu baina ya wiki ya 18 na ya 24, moyo ukapiga polepole. Kizuizi hicho cha umeme wa moyo kikishakamilika hakiondoki, na wengi wa watoto wanaookoka huhitaji kifaa cha kuendesha mapigo. Alhali mama mwenyewe huenda hajaugua chochote! Akijulikana mapema, moyo wa mwanawe huangaliwa. Na hidroksiklorokwini, iliyo jamaa ya klorokwini tuliyoizoea kwa malaria, imeonyesha kupunguza hatari kwa aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo.

Wala sisemi kwamba damu peke yake yatosha. Wapo wagonjwa wasio na kingamwili ya Ro, na wapo wazima walio nayo; ndiyo maana vigezo vya mwaka 2016 vya kuyaainisha maradhi haya huipa alama 3, sawa na kipande cha nyama kinachokatwa ndani ya mdomo wa chini, na zinazotakiwa ni 4. Alama iliyosalia yaweza kupatikana kwa ukanda wa karatasi unaochomekwa ndani ya kope ya chini, ambao ukilowa milimita 5 au pungufu katika dakika 5, jicho limekauka. Ukanda huo hauhitaji umeme wala mtambo. Kabla yake kuna swali ambalo halina gharama hata kidogo, nalo ni kumuuliza mgonjwa kama hushushia chakula kikavu kwa maji, na tangu lini.